Kiamaiko, Mlango wa Nchi Kavu Mjini Nairobi

Watu wengi wajuao mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Jericho, Eastleigh na Kariobangi, huijua kwa nyumba zake, kwa makanisa na misikiti yake, kwa viwanja vya mpira na kwa wingi wa watu. Ni wachache wafikirio kwamba mitaa hiyo ndiyo mlango wa soko la nchi kubwa iliyo mbali, nchi ya mchanga na miiba, ambako mvua ni haba na watu huishi kwa kuchunga. Lakini ndivyo ilivyo. Kondoo na mbuzi waliwao katika mitaa hii, wengi wao wametoka Marsabit, Moyale, Isiolo, Samburu, Wajir na Garissa. Nataka kuwaeleza ndugu wasomaji, wakulima kwa makarani, jinsi maisha ya mchungaji wa huko yalivyofungamana na sufuria zetu za hapa, na ni msaada gani umfaao zaidi.

Mtu akitaka kuliona jambo hili kwa macho yake, na aishike barabara ya Juja kutoka Pangani. Mkono wa kushoto ataliona bonde la Mathare na mabati yake. Mkono wa kulia ataiona Eastleigh, na mbele kidogo uwanja wa ndege wa jeshi. Akiendelea mbele, kabla hajafika Kariobangi, ataingia Huruma, na hapo ndipo penye Kiamaiko. Hana haja ya kuuliza sana, kwa maana pua na masikio yatamwongoza.

KAZI ZA KIAMAIKO

Kiamaiko ni mtaa wa kuchinja. Malori hufika na mzigo baada ya safari ndefu, na kondoo na mbuzi huteremshwa upesi, hali wamechoka na wana kiu. Wengi wa kondoo hao ni wa namna ya Kisomali, mwili mweupe na kichwa cheusi, wenye mafuta mengi upande wa mkia. Wengine ni wekundu, wa asili ya Kimasai. Wengine tena ni chotara wa Dorper, aina iliyozalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya dume wa Kiingereza na jike mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni huku kwetu kwenye Pembe ya Afrika. Basi hata kondoo wa kisasa anayesifiwa sana na wafugaji ana damu ya kondoo wa nchi kavu.

Hapo mtu husikia Kiborana, Kiburji, Kisomali, Kigikuyu na Kiswahili cha mjini, vyote kwa pamoja. Yupo dalali ashikaye bei, yupo mchinjaji, yupo mchunaji, yupo mbebaji, yupo mwenye mkokoteni, na yupo bwana mkaguzi wa nyama mwenye muhuri wake. Hakitupwi chenye thamani. Vichwa na miguu hununuliwa na akina mama wapikao supu; matumbo huenda kwa wauzao mutura pembeni mwa barabara wakati wa jioni; ngozi hutiwa chumvi na kupelekwa viwandani. Nyama yenyewe huenda kwenye mahoteli, kwenye mabucha ya mitaani, na kwenye masoko kama Burma, lile soko lililo karibu na Shauri Moyo, ambalo jina lake lakumbusha vita walivyopigana askari wetu wa K.A.R. katika nchi ya Burma.

Siwezi kuusifu mtaa huu na kuficha aibu yake. Vichinjio vingi vimesongamana na nyumba za kulala watu, na damu na uchafu vimekuwa vikiingia katika mifereji na kutelemkia mtoni. Mashauri juu ya usafi wa Kiamaiko yamekuwapo miaka mingi baina ya wenyeji, wafanyabiashara na wakuu wa mji. Mashauri hayo yana haki, kwa sababu nyama isiyoaminiwa haina bei, na bei ikianguka Kiamaiko huanguka mpaka kwenye boma la mwisho kabisa kando ya jangwa la Chalbi.

MLANGO ULIOKUWA UMEFUNGWA

Biashara hii si ya jana. Wasomali walikuwa wakiuza mifugo Nairobi tangu miaka ya mwanzo ya mji, na Eastleigh ni kwao kwa muda mrefu. Lakini mlango wenyewe haukuwa wazi. Wakati wa utawala wa Kiingereza, kwa sheria ya mwaka 1902 na nyingine ya mwaka 1934, wilaya za kaskazini zilitengwa na nchi nyingine, na mtu hakuingia wala kutoka ila kwa ruhusa. Mifugo nayo iliwekewa karantini mara kwa mara, kwa hofu ya magonjwa na kwa kuyalinda mashamba ya walowezi. Kwa hiyo mchungaji alikuwa na mali nyingi miguuni pake, wala hakuwa na mahali pa kuiuza.

Baada ya uhuru wa 1963 barabara nayo ilikuwa kizuizi. Kwa miaka mingi lami ilikoma Isiolo. Kutoka hapo hadi Moyale ni kiasi cha kilomita 500, na lori liliweza kutumia siku kadhaa katika mawe na vumbi, na wakati wa mvua likanasa njiani. Wanyama wengine walikufa kwa kukanyagana. Kila siku ya safari ilipunguza nyama ya kondoo, na kila nyama iliyopungua ilitolewa katika bei ya mchungaji. Katika miaka ya 2010 lami ilifika Marsabit na kisha Moyale, na safari ya siku nyingi ikawa ya siku moja au pungufu. Simu za mkono nazo zilisaidia. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha zaweza kutoka Eastleigh na kufika Marsabit kabla chai haijapoa, na mwenye kondoo aweza kuuliza bei ya Nairobi kabla hajaitoa mali yake zizini.

KONDOO NI NINI KWA MCHUNGAJI

Sisi tukaao mjini, na hata wakulima wa nchi za mvua, tumezoea kusema kwamba mchungaji hapendi kuuza, na kwamba hupenda tu kuhesabu mifugo yake. Neno hili linasemwa na watu ambao wenyewe wamekula nyama yake jana jioni. Kama hauzi, malori yale ya Kiamaiko hujazwa na nani?

Yafaa tulitazame jambo hili kama watu wa hesabu. Karani ana mshahara mwisho wa mwezi. Mkulima ana ghala. Mchungaji ana kundi lake, na katika kundi hilo kila mnyama ana kazi yake. Ngamia na ng'ombe ni akiba ya benki. Hawaguswi ila kwa jambo kubwa, kama mahari au msiba. Kondoo na mbuzi ni fedha za mfukoni. Mtoto akihitaji karo, mama akihitaji kupelekwa hospitali, unga ukiisha, ndipo kondoo hupelekwa sokoni. Tena kondoo huchukua mimba miezi mitano tu, na ng'ombe miezi tisa, na ngamia zaidi ya mwaka. Kwa hiyo nyumba iliyofilisiwa na ukame huanza upya kwa kondoo na mbuzi.

Hata kuhamahama kwao si kutangatanga ovyo. Katika nchi ile mvua hunyesha kwa mabaka. Huku kukanyesha na kule kukakauka katika mwezi ule ule. Mwenye kukaa mahali pamoja na kundi lake huyamaliza majani na kuiua ardhi. Mwenye kuhama huiacha nchi ipumzike. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi ya Kenya ni kavu au nusu kavu, na katika sehemu kubwa yake jembe haliwezi kumlisha mtu. Mguu wa kondoo waweza.

AKIBA INAYOOZA

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mchungaji yaoza, na hapo ndipo penye taabu yote.

Mvua ikikosekana, majani huisha na kondoo hukonda. Wakati huo huo watu wote huhitaji unga, na wote huleta kondoo sokoni siku moja. Wauzaji huwa wengi, wanyama huwa dhaifu, na bei huanguka. Unga nao hupanda. Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, huliangalia jambo hili kila mwezi katika taarifa zake za kaunti kwa kuhesabu ni kilo ngapi za mahindi zipatikanazo kwa bei ya mbuzi mmoja. Hesabu hiyo ikianza kushuka, mwenye akili ajua kwamba njaa iko njiani, hata kama hakuna maiti hata mmoja wa mnyama aliyeonekana.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa katika nchi yetu. Na tufikiri maana yake. Kila kondoo aliyekufa kwa njaa kule alikuwa, miezi michache kabla, kondoo ambaye angeweza kuteremshwa Kiamaiko akiwa na nyama mgongoni. Fedha zake zingeweza kununua unga, au majani ya kuwalisha majike wachache waliobaki ili kundi lisikatike mbegu. Badala yake aliachiwa tai na fisi, na nyumba iliyokuwa na kundi ikangoja chakula cha msaada.

Chakula cha msaada ni kitu chema mtu akiwa na njaa, wala sikidharau. Hata hivyo hufika mwisho wa shauri, wakati kundi limekwisha. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga iko katika mnunuzi afikaye mapema.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2006, upande wa Borana nchini Ethiopia, wakati wa ukame, wafanyabiashara walionyeshwa nchi ilivyo, na baadhi yao wakapewa mkopo mdogo ili wakanunue kabla mifugo haijaisha. Ng'ombe wapatao 20,000 walinunuliwa, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya wafanyabiashara wenyewe. Wachungaji walitumia fedha zile kununua chakula cha watu, majani na dawa za mifugo iliyobaki. Huku Kenya nako, katika ukame wa 1999 hadi 2001, kulikuwa na mipango ya kununua wanyama waliodhoofika, na nyama yao wakagawiwa wenye njaa na wanafunzi wa shule. Funzo lake ni moja: anayenunua mapema huokoa fedha, na anayechelewa hununua ngozi na mifupa.

BIMA, CHANJO NA SOKO JEMA

Iko misaada mingine iliyo ya maana. Mwezi wa Januari 2010, huko Marsabit, ilianzishwa bima ya mifugo ya namna mpya, kwa kazi ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ambayo makao yake yako hapa hapa Nairobi, pamoja na wenzake. Setilaiti hupima ukijani wa nchi kutoka angani. Ukijani ukishuka chini ya kiasi kilichowekwa, wenye bima hulipwa, wala hakuna haja ya mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 serikali nayo ilianza mpango wake wa bima hiyo katika Turkana na Wajir. Baadaye malipo yakapangwa kuja mapema, ili mwenye mifugo anunue majani wanyama wangali hai. Si dawa ya kila kitu, kwa sababu setilaiti huona kijani na haijui kama ni jani la kondoo au ni kichaka kisicholiwa, na ada yake ni nzito kwa maskini. Lakini ni fikira njema, kwa maana hutangulia kifo.

Ipo chanjo pia. Sotoka ya ng'ombe, iliyowaua ng'ombe wasiohesabika katika Afrika ya Mashariki, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani kote. Ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, ilithibitishwa Kenya mwaka 2006 huko Turkana, ikaenea upesi. Chanjo yake moja humlinda mnyama kwa miaka mitatu au zaidi, na mataifa yamejiwekea shabaha ya kuumaliza ugonjwa huu kufikia 2030. Mkulima asidhani kwamba hayo ni ya watu wa kaskazini tu. Homa ya Bonde la Ufa iliyoanza mwishoni mwa 2006 iliua watu zaidi ya 150 katika Kenya, masoko ya mifugo ya Garissa yakafungwa, na watu wa mijini wakaogopa nyama. Ugonjwa ukizuka huko, bucha la mjini nalo hukosa wateja.

Tena liko soko lenyewe. Mchungaji aliyetembea siku mbili na kondoo kumi hawezi kurudi nao nyumbani; mnunuzi akijua hivyo humpa atakalo yeye. Ndiyo maana katika masoko kama Merille, kwenye barabara ya Marsabit, palianzishwa kamati za wafugaji na wafanyabiashara kuliendesha soko pamoja na wakuu wa kaunti, na sehemu ya ushuru ikaachwa kwa kamati kwa ajili ya uzio, maji na ulinzi. Penye siku maalumu ya soko, penye maji, na penye wanunuzi wengi, bei hutoka mdomoni mwa watu wengi, wala si mdomoni mwa mtu mmoja.

DENI LA MJINI

Sasa narudi mitaani kwetu, kwa kuwa huko ndiko kwenye sehemu tuwezayo kuitengeneza sisi wenyewe. Biashara ya Kiamaiko, kama biashara nyingi za mifugo Nairobi, huendeshwa kwa kuaminiana. Mwenye kondoo huwakabidhi wachinjaji wanyama wake, na wachinjaji huwapa wenye mabucha na mahoteli nyama, na fedha huja baadaye. Mwenye hoteli asipolipa, mwenye bucha halipi. Mwenye bucha asipolipa, mchinjaji halipi. Na mfanyabiashara aliyetoka Moyale hukaa Eastleigh akilipa kitanda kila usiku, akingoja fedha zake. Siku anazongoja, hayuko sokoni Merille. Na asipokuwapo Merille, mnunuzi mmoja amepungua, na mwanamke aliyeleta kondoo wawili ili apate unga hurudi nao nyumbani, au huwauza kwa bei ya kutupa. Hivyo deni la sahani ya nyama mjini hufika mpaka jangwani. Ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia si la mdaiwa.

Basi kila mtu ana sehemu yake. Mwenye bucha na mwenye hoteli na wailipe nyama kwa wakati. Wanunuzi na waulize muhuri wa mkaguzi, ili nyama safi ipate bei yake na chafu ikose mteja. Wakuu wa mji na wajenge vichinjio vyenye maji na mifereji, vilivyo karibu na biashara yenyewe, kwa maana kuwafukuza watu bila kuwapa mahali pema ni kuwahamishia uchafu jirani. Serikali na mashirika na waziamini taarifa za ukame zinapotoka, wawakopeshe wafanyabiashara na kuwapunguzia gharama za malori kondoo wangali na nyama. Mkulima wa Meru, wa Nyandarua au wa Uasin Gishu na ajue kwamba mchungaji ni mteja wake: hununua mahindi yake, na katika ukame hununua majani makavu na mabua ambayo mkulima pengine angeyachoma moto shambani. Anayeyafunga na kuyaweka mahali pakavu ana mali.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini katika jambo hili mwenye shibe ameshibishwa na yule mwenye njaa. Nchi kavu haituombi tuihurumie. Inatuletea kondoo wake kila siku, kwa njia ndefu, mpaka kwenye milango ya nyumba zetu. Inachotaka ni mnunuzi ajaye kwa wakati, na alipaye kwa wakati.